Kila Kaya Mashimo Mawili

Mwaka 1952, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu alikufa kwa kuhara damu, na shida zangu zilianza siku hiyo. Kabla matanga hayajaisha, mdogo wangu wa kiume akaugua ugonjwa uleule, naye akaenda. Tukabaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike wa miaka sita.

Nilikuwa darasa la pili. Mwalimu alituma mtu kuuliza mbona sionekani shuleni, mama akamjibu kwamba jembe la marehemu limekosa mtu wa kulishika. Huo ndio ulikuwa mwisho wa elimu yangu. Nasema mapema ili msomaji asije akatafuta maneno ya wasomi humu ndani. Kusoma najua, kuandika najua, na kwenye hesabu bado hajazaliwa wa kunipunja. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe.

Jambo moja tulikubaliana na mama bila maneno mengi. Mimi nimeacha shule, lakini huyu mdogo hataacha. Watu walicheka. Milimani kwetu, upande wa kusini wa Mbeya, kumsomesha mtoto wa kike ilikuwa kama kumvisha mbuzi viatu. Waliocheka wengi wamekufa. Waliobaki hunisalimia wakiwa wamevua kofia.

Nilipofikisha miaka kumi na mitano nilikwenda Chunya kwa miguu, siku nne njiani, nikaingia kwenye machimbo ya dhahabu. Dhahabu yenyewe sikuiona hata ya kujaza kucha. Nilichotoka nacho ni ujuzi wa shimo. Nilijua udongo gani unasimama wenyewe na upi utakuangukia. Nilijua kwamba taa ikizimika chini, unapanda juu bila kuuliza sababu. Nilijua kuchimba ukuta ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Wengine walirudi kutoka Chunya na baiskeli, mimi nikarudi na mikono. Mwaka 1957, nikiwa na miaka kumi na minane, nikajikuta ndiye kijana pekee pale kijijini anayeweza kwenda chini futi kumi na tano na kurudi akiwa hai. Shule ya misheni ikaniajiri kuchimba vyoo.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mtu wa upande wa Iringa, mwenye cheti, mrefu, na kaptula yake ilipigwa pasi hadi ungeweza kukatia mboga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fimbo, lakini walimu wote walikuwa na fimbo. Kila asubuhi kabla ya hesabu alifundisha somo lililoitwa usafi na afya. Watoto walisimama mstari, wakanyoosha mikono mbele, naye akapita akiangalia kucha. Halafu meno. Halafu masikio. Halafu waliinua mguu mmoja mmoja aone kama kuna funza. Mwenye kucha ndefu alirudishwa mtoni. Mwenye funza alikabidhiwa kwa mwenzake mwenye pini. Baadaye waliingia darasani, mwalimu akauliza choo ni nini, na watoto wote wakajibu kwa sauti moja: choo ni shimo refu lenye kifuniko, mbali na kisima, karibu na nyumba. Mimi nilikuwa nje na jembe langu, nikilisikia somo lote dirishani. Walilijua kama sala. Saa nne kengele ilipolia, walitoka mbio wakaenda kujisaidia mgombani, kama baba zao na babu zao.

Katikati ya mwaka ule ugonjwa uliomuua baba ukarudi. Wanafunzi wawili walikufa katika mwezi mmoja. Akaja bwana afya, Mwafrika mwenzetu mwenye kofia ngumu, akakusanya wazee mbele ya shule. Hakuzunguka. Alisema kila kaya ichimbe choo, na watu wakitumie. Atarudi kabla ya mvua kubwa. Akikuta bado watu wanakwenda mgombani, ataifunga shule na kuwatawanya watoto, kwa sababu watoto waliokusanyika pamoja wanaambukizana, na yeye hatazika wengine.

Wazee walisikia. Mimi nilisikia zaidi. Mdogo wangu alikuwa darasa la nne, na mwisho wa mwaka alikuwa na mtihani. Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwenye msitu wa mianzi, na mama asingemruhusu binti wa miaka kumi na mmoja kupita huko peke yake. Shule ikifungwa, amekwisha. Angerudi kukaa na jembe kama mimi, na mwaka wa pili wake angekuwa anachumbiwa.

Basi nilichimba. Nilichimba shuleni, nikachimba kwetu, nikachimba kaya baada ya kaya kuteremka bondeni. Jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alitoa amri, na watu wakatii amri. Udongo wetu ni mweusi na laini, unaingia jembe kama ugali, lakini hausimami, kwa hiyo nilizungushia kuta mianzi iliyosukwa. Vyoo vile vilikuwa vizuri. Najisifu, na kwa nini nisijisifu? Kwa wiki saba nilizunguka nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi, nikijiona nimeiokoa shule.

Siku moja mwalimu mkuu akaniambia twende tukakague. Kaya ya kwanza tulikuta kifuniko kiko mahali pake, safi. Mwalimu akafurahi. Akakiinua na kuchungulia, kisha akaniita nami nichungulie. Ndani ya choo changu, juu ya majani makavu yaliyopangwa vizuri, kulikuwa na mikungu mitatu ya ndizi.

Kwetu ndizi za pombe huivishwa ndani ya shimo. Mama mwenye kaya alitoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono, akaona tunachotazama, wala hakuona aibu yoyote.

"Mwalimu, shimo hili ni zuri sana," akasema. "La zamani lilikuwa linachukua siku sita. Hili siku tatu tu, zimeiva."

Kaya ya pili ndizi. Ya tatu walihifadhi mbegu za viazi. Ya nne shimo lilikuwa tupu na safi kiasi kwamba buibui amejenga. Tukarudi. Kesho yake asubuhi aliwapanga watoto mstari, akauliza nani kwao wanatumia choo. Hakuna aliyeinua mkono. Akawachapa mikononi, darasa zima, mmoja mmoja.

Mdogo wangu alirudi nyumbani viganja vimevimba. Hakulia, ila alikataa kushika mwiko. Alikaa mlangoni akanitazama jinsi anavyotazama mpaka leo, kama mtu anayesubiri umalize kusema uongo.

"Kaka, mwalimu anatupiga sisi, na wanaokataa ni watu wazima. Kwa nini humwambii?"

"Nimwambie nini?"

"Unajua," akasema.

Nilijua. Kila mtu alijua. Mwalimu peke yake ndiye hakujua, na bwana afya.

Kwetu mkamwana, yaani mke wa mwana, anamwogopa baba mkwe wake. Haogopi kwa ubaya, ni heshima, lakini ni heshima nzito. Wakikutana njiani mwanamke anaacha njia, anaingia majanini na kujifunika. Hatamki jina lake. Haketi alipoketi. Na kubwa kuliko yote, uchafu wa mkamwana na uchafu wa baba mkwe haukutani mahali pamoja, hata zikipita siku kumi. Mgombani kuna nafasi, kila mtu ana upande wake, na upande wa wazee wanawake hawaukanyagi. Sasa serikali inaleta shimo moja kwa kaya nzima. Baba mkwe akilitumia, wakamwana hawaligusi. Wakamwana wakilitumia, mzee atakufa kabla hajaingia. Mwisho wa yote wanaoingia ni ndizi.

Na kwa nini hakuna aliyesema? Kwa sababu kulisema ni aibu kuliko kulifanya. Nani atasimama mbele ya mwalimu mgeni aanze kusimulia haja kubwa ya baba mkwe? Mimi mwenyewe nilichimba wiki saba nikijua, nimefunga mdomo, nikijidanganya kwamba amri itashinda. Hilo ni kosa langu na sitalifunika.

Mchana uleule nilikwenda nyumbani kwa mwalimu. Alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Sikungoja kukaribishwa kiti.

"Mwalimu," nikasema, "mkamwana hawezi kwenda mahali alipokwenda baba mkwe."

"Kwenda wapi?"

"Chooni. Hata kama mzee alikwenda juzi. Vyao havikutani."

Aliweka kalamu chini. Nikamweleza yote, mpaka njia za mgombani, mpaka nani anapita wapi. Alisikiliza akitazama ukuta. Nilipomaliza akaniuliza, miezi yote hii amekaa kijijini, amekula kwenye nyumba za watu, mbona hakuna hata mmoja aliyemwambia. Nikamjibu kwamba ni aibu.

"Na wewe huoni aibu?"

"Mimi nimetoka Chunya."

Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka, na alicheka mpaka akatoa leso. Akaniambia kwamba hata kwao Iringa mkwe anaheshimiwa, lakini hajawahi kusikia heshima iliyofika chini ya ardhi. Halafu akaacha kucheka. Akasema kesho nisimame mbele ya darasa la nne nifundishe somo la usafi mimi.

Nikamkumbusha kwamba niliishia darasa la pili.

"Ndiyo maana," akasema. "Mimi mwenye cheti wamenishinda."

Siku ile niliosha miguu mara mbili. Darasa la nne lilikuwa na vijana wengine wakubwa karibu sawa na mimi, wameanza ndevu. Nilipoingia, mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, leo tunafundishwa na jembe. Nikamwambia jembe ndilo lililompa uji aliokunywa asubuhi, na kama hajashiba aseme nimwongeze. Darasa likacheka, na baada ya hapo walikuwa wangu.

Sikujua kufundisha kwa kuuliza choo ni nini. Nilikuja na vitu. Nilikuwa na chupa ya nzi niliowakamata mgombani, na ndani ya chupa nimetia masizi ya chungu yaliyosagwa laini. Nilikuwa na kibakuli cha maziwa mgando, meupe kabisa. Nikawaambia waje karibu. Nikatikisa chupa, nikaifungulia juu ya kibakuli na kufunika kwa kitambaa chepesi. Tukasubiri. Nilipofunua, juu ya maziwa kulikuwa na alama nyeusi, nukta nukta, kila mahali nzi alipotua.

Sikueleza kitu. Niliwauliza tu: hayo ni masizi, kwa hiyo mnayaona. Je, kile alichokanyaga nzi mgombani kingekuwa cheupe kama maziwa, mngekiona?

Mtoto mmoja wa mbele akafunika mdomo. Mdogo wangu alikuwa benchi la pili. Alinitazama, na nikajua anafikiria baba, maana nami nilikuwa namfikiria. Baba alipenda maziwa mgando.

Halafu nikawapa kazi. Niliwaambia kila mmoja achukue kibao chake, akifika nyumbani achore kaya yao. Nyumba, kisima, zizi, migomba. Halafu achore njia anayopita babu na njia wanayopita akina mama, kisha atafute mahali pawili ambapo njia hizo hazikutani hata kwa bahati mbaya, apime kwa hatua. Nani angejua vizuri kuliko wao? Mtoto ndiye anayepita kote, hafukuzwi na yeyote. Kesho yake walileta vibao thelathini na kitu, na nakuambia, hakuna mtu wa ramani aliyewahi kuchora kijiji chetu kama walivyokichora wale watoto. Mwalimu mkuu alivitazama kimoja kimoja. Alivipanga juu ya benchi, akatembea mbele yake huku na huku, mikono nyuma.

Lakini ramani si shimo. Watu wote walimtazama jumbe. Jumbe alikuwa mzee wa kaya kubwa, wana watano waliooa, wakamwana watano, na alikuwa ndugu wa babu yangu mzaa baba, kwa hiyo kwangu na kwa mdogo wangu ni babu. Mama yangu naye alimkwepa kama baba mkwe, na mzee alikuwa akija kwetu mara kwa mara na angeweza kuingia chooni. Ndiyo sababu hata choo chetu nilichochimba kwa mkono wangu mama hakukigusa. Nilikwenda kwa jumbe na vibao viwili kwapani. Nikamwomba achimbe shimo la pili. Aliniuliza kama yeye ni panya. Akasema ametii amri, amechimba moja, na kama serikali inataka la pili basi ije ilale ndani yake. Nikarudi na vibao vyangu.

Ilibaki chini ya mwezi mmoja kabla bwana afya hajarudi. Kila kaya jibu lilikuwa hilohilo: jumbe akichimba, na sisi tutachimba.

Sasa, kuna mtu mmoja ambaye kwetu anaweza kumwambia mzee chochote. Si mwanawe, si mkewe, si mchungaji. Ni mjukuu. Babu na mjukuu wana utani. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, naye humwita mume wangu, na hapo hakuna matusi yanayohesabika. Mdogo wangu hakuniomba ruhusa. Aliniomba chupa tu.

Ilikuwa Jumamosi, wazee wamekaa mbele ya nyumba ya jumbe na vikombe vyao vya mianzi. Mimi nilikuwa juu ya paa la jirani nikiezeka, kwa hiyo niliona yote. Mdogo wangu akaja na kibakuli cha maziwa mgando amekishika kwa mikono miwili, kwa adabu, akapiga goti. Mzee akatabasamu. Akawaambia wenzake kwamba mke wake mdogo anajua kutunza mume kuliko wale wakubwa.

"Subiri, mume wangu," akasema. "Kuna wageni wako hawajanawa miguu."

Akafungua chupa. Wazee wakainamisha shingo. Nzi wale weusi wakatua kwenye maziwa wakatembea, wakaacha nyayo. Alipowafukuza kwa kanga, akasogeza kibakuli mbele ya mzee.

"Kula sasa."

"Una wazimu? Nile masizi?"

"Haya ni masizi, yamekuumiza nini? Kila siku wanakuja na vya mgombani, na unalamba vidole. Vya mgombani ni vya nani? Vya wakamwana wako watano. Unawakimbia njiani, unakutana nao kwenye bakuli."

Mzee mmoja aliyekuwa ananywa alibaki na kikombe hewani. Kama angesema mtu mwingine yeyote duniani, angetozwa ng'ombe. Lakini aliyesema ni mjukuu, na mjukuu hatozwi. Ghafla mzee mwingine akaanza kucheka, mwenzake akafuata, wakacheka mpaka wakajishika mbavu, wakimwambia jumbe kwamba mke mdogo amemmaliza. Jumbe hakucheka. Alikitazama kibakuli. Alikuwa mtu aliyeishi miaka sabini bila kukanyaga njia ya mkamwana, na sasa anaambiwa ameila heshima yake kwa kijiko.

"Nani kakufundisha mdomo huo?" akauliza.

"Shule."

"Na hiyo shule wanataka kuifunga?"

"Wewe ndiye unayeifunga, mume wangu."

Alikisukuma kibakuli pembeni kwa ncha ya fimbo yake. Akainua kichwa, akaniona juu ya paa.

"Wewe panya," akaniita. "Shuka uje uchimbe."

Nilianza na la wakamwana, kwa amri yake. Alitaka liwe chini ya mteremko, nyuma ya migomba mizee, na njia yake ipite nyuma ya jiko. La kwake likawa juu, mlango unatazama mlima, kwa sababu alisema hawezi kukaa muda wote huo akitazama ukuta. Niliyachimba yote mawili kwa siku tatu. Siku ya nne wakaja watu wa kaya sita asubuhi moja, kila mmoja na kibao cha mtoto wake, wakigombana nani atangulie. Darasa la nne lote likawa kikosi changu baada ya masomo. Wavulana walipasua mianzi, wasichana walisuka kuta, mwalimu mkuu alivua viatu vyake vya cheti akabeba udongo. Tope lilimpata mpaka kwenye zile pindo za pasi. Ndizi zilirudishwa kwenye mashimo yake ya zamani, zikachukua siku sita kama kawaida, na hakuna aliyekufa kwa kuzisubiri.

Bwana afya alirudi na kofia yake na daftari. Alianzia kwa jumbe. Alipoona mashimo mawili akakunja uso. Alishasikia habari za ndizi, na nadhani alijiandaa njiani.

"Mzee, nilisema choo kimoja," akasema. "Hili la pili najua ni la nini."

"Chungulia," akasema jumbe.

Bwana afya akainua kifuniko, akaingiza uso wote pamoja na kofia. Alitoka haraka kuliko alivyoingia, akatafuta leso kwenye mfuko usiokuwa wenyewe.

"Vipi," jumbe akamuuliza kwa upole, "zimeiva?"

Watu walijizuia kwa heshima, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Bwana afya naye mwishowe alicheka, nampa sifa yake. Alizunguka kaya zote siku ile, na kila alipokwenda alikuta njia mbili zilizokanyagwa mpaka majani yamekwisha. Njia iliyokanyagwa haisemi uongo. Alipouliza kwa nini mawili, wazee walitazama milima. Ikabidi nimweleze mimi, mbele ya mwalimu mkuu. Aliandika kurasa mbili. Akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia darasa la pili, halafu Chunya. Akaandika hilo nalo.

Shule haikufungwa. Kuhara damu kukapungua msimu ule, na ule uliofuata sikuzika mtoto yeyote wa darasani. Mdogo wangu alikaa kwenye mtihani mwezi wa mwisho wa masomo, kalamu mkononi, na jina lake lilisomwa la tatu kati ya waliofaulu, akiwa msichana peke yake. Jumbe alimpa jogoo. Mwaka uliofuata nilimbebea sanduku mpaka kwenye lori la kwenda shule ya wasichana ya bweni. Mama alisimama barabarani hata vumbi lilipotulia, akaniambia maneno mawili tu: umefanya vizuri. Mama hakuwa mtu wa kusifu. Mpaka leo nikiyakumbuka kifua kinapanuka.

Mwalimu mkuu alihamishwa kurudi upande wa Iringa mwaka 1958, naye akaniombea barua. Barua ilisema mimi ni fundi msaidizi wa somo la usafi katika shule za msingi. Cheti sina, lakini barua ninayo. Nilikwenda nayo Iringa, kwenye baridi inayokata masikio mwezi wa sita, kifua mbele. Na hapo nikafanya ujinga wangu. Kijiji cha kwanza niliamuru mashimo mawili kila kaya, nikachimba mwenyewe, mpaka mzee mmoja akanisalimu kwa lugha ya kwao, akaniambia taratibu: "Kamwene, kijana. Mimi mke wangu amekufa, watoto wako mjini, naishi peke yangu. Hilo la pili nani ataingia, wewe?" Kwao shida haikuwa shimo. Shida ilikuwa funza, na baridi inayowafanya watoto waogope maji. Nililifunika lile la pili, nikaanza upya kwa kuuliza. Tuliwafundisha watoto kuoga saa saba mchana, jua likiwa limepasha mawe, badala ya asubuhi kama kitabu kilivyosema. Funza walipungua. Kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuoga Iringa asubuhi mwezi wa sita.

Mpaka mwaka 1959 unaisha nilishasimama mbele ya madarasa ya shule kumi na moja, Mbeya na Iringa. Walimu wenye vyeti walikaa benchi la nyuma wakiandika. Siku hizi vitukuu wangu wanakuja na kitabu cha stadi za maisha chenye picha za rangi, wananisomea jinsi ya kunawa mikono. Nasikiliza. Kitabu si kibaya. Ila nawauliza kila mara: mwalimu wenu ameshafika kwenu? Amemuuliza bibi yenu? Wakisema hapana, nawaambia huyo bado hajaanza kufundisha.

Mdogo wangu aliuguza wagonjwa miaka thelathini na minne, na alistaafu akiwa mkuu wa wauguzi. Mimi niliendelea na mashimo: vyoo, visima, misingi ya nyumba, halafu matofali. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba saba Mbeya mjini, na nyingine ya vyumba vinne Iringa ambayo nimepangisha. Nina ekari sita za parachichi na ekari mbili za migomba. Ng'ombe wa maziwa watano. Mashine mbili za kufyatulia matofali na moja ya kusaga. Pikipiki ya kubebea mizigo. Watoto wanane, wote walisoma kupita darasa la pili. Wajukuu thelathini na mmoja. Redio, miwani miwili, na meno kumi na tisa, yangu mwenyewe.